Nduna Songea Mbano na vita vilivyoamuliwa na njaa

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Februari, mji wetu wa Songea hupokea wageni kutoka kila upande. Ngoma ya lizombe huchezwa, mashada ya maua huwekwa makaburini kwenye Makumbusho ya Majimaji, na jina moja hutajwa kuliko mengine yote: Nduna Songea Mbano. Wengi tunajua kwamba mji huu unabeba jina lake na kwamba Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Kisichozungumzwa sana ni namna maisha yake yalivyofungamana na uchumi wa wakati ule: pembe za ndovu, mateka, kodi ya nyumba, na mwishowe chakula kilichokuwa ghalani. Katika makala haya tunayapitia maisha hayo kwa jicho hilo.

Mtoto wa safari ndefu

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakikimbia vita vya enzi za Shaka. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na kila walikopita waliingiza watu wapya katika jeshi lao. Kwa mapokeo, ukoo wa Mbano ulijiunga kwa njia hiyo, asili yake ikiwa ni Washona wa nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Kwa hiyo Songea hakuwa wa ukoo wa kifalme wa Gama. Alipanda cheo kwa uwezo wake vitani, hadi akawa nduna, yaani mkuu wa jeshi na mshauri, katika ufalme wa Njelu. Ufalme wa pili wa Wangoni katika eneo letu ulikuwa Mshope, ambao baadaye uliongozwa na Nkosi Chabruma.

Nguvu ya nduna ilihesabiwa kwa watu aliokuwa nao. Vikosi vilikwenda mbali kuteka mifugo na watu. Mwaka 1882 Wangoni walifika hadi Masasi. Mateka wengine walioa, wakalima, wakawa Wangoni. Wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wa misafara ya Kilwa, pamoja na pembe za ndovu, na kwa mali hiyo zikapatikana nguo, bunduki na baruti. Hatuna sababu ya kulificha jambo hili kwa kuwa tunamheshimu shujaa. Ustawi wa Ungoni ulikuwa msiba kwa majirani, na baadhi ya wazee wa makabila jirani bado husimulia upande wao wa habari hiyo.

Boma na kodi

Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika na askari wake, akawaita wakuu wa Wangoni na kuwalazimisha kukubali utawala wa Kijerumani. Boma lilijengwa katika eneo la Nduna Songea, na mji ukachukua jina lake. Mwaka uliofuata wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho.

Tangu hapo uchumi aliouzoea Songea ukaanza kukatwa mguu mmoja baada ya mwingine. Kuteka watu kulipigwa marufuku, na hilo lilikuwa nafuu kubwa kwa majirani. Uwindaji wa tembo ukahitaji leseni ya serikali, hivyo biashara ya pembe ikatoka mikononi mwa wenyeji. Kisha ikaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Mtu asiye na rupia alilazimika kufanya kazi ili aipate au ailipe kwa jasho. Nduna aliyekuwa akipokea sehemu ya mali ya watu wake sasa aliwaona wakipeleka mali na nguvu zao bomani.

Kwenye ukanda wa pwani na Umatumbi kero kubwa ilikuwa mashamba ya pamba ya lazima. Hapa Ungoni pamba haikuwa na uzito ule. Hapa kilichouma ni kodi, kazi za shuruti, na wakuu kunyang'anywa mamlaka yao. Serikali ilikuwa imefunga njia za zamani za kupata mali bila kufungua njia mpya ambazo watu wangeziona kuwa zao.

Maji, kisha moto

Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905. Mwezi uliofuata Omari Kinjala alileta maji ya dawa Ungoni, akianzia kwa Chabruma. Nkosi Mputa Gama wa Njelu naye aliingia vitani, na Songea akawa miongoni mwa viongozi wake wakubwa. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto Septemba. Oktoba, Kapteni Nigmann alifika kutoka Iringa na bunduki za rashasha, na Wangoni wakapata hasara kubwa. Wapiganaji wakaacha mapambano ya uso kwa uso, wakajificha milimani na mapangoni. Pango la Chandamali, hapa hapa mjini, linakumbukwa kuwa maficho ya Nduna Songea.

Ndipo Wajerumani walipobadili mbinu. Maofisa wao, akiwamo Kapteni Wangenheim, walifikia uamuzi kwamba risasi peke yake hazitamaliza vita na kwamba njaa itawalazimisha watu kusalimu amri. Askari wakachoma vijiji, wakabeba au kuteketeza nafaka, wakazuia watu kulima msimu wa mvua ulipoanza. Wapiganaji wangeweza kujificha pangoni, lakini wake na watoto walihitaji kula.

Viongozi walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Februari 27, 1906 walianza kunyongwa. Hesabu inayotajwa kwenye kumbukizi ni mashujaa 67. Simulizi zinazotunzwa hapa kwetu zinasema Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo kwa watu, naye akakataa kubaki baada ya wenzake, akanyongwa siku chache baadaye. Kaburi lake liko peke yake. Familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Nchi iliyobaki

Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita na njaa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Madhara yalifika hadi kwenye ardhi. Mahali palipokosa wakulima, pori lilirudi, na pamoja nalo wanyama na mbung'o. Eneo kubwa kaskazini mashariki mwa mkoa wetu likaja kuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Tunaposikia leo kilio cha wakulima wa Namtumbo na Tunduru kuhusu tembo mashambani, tukumbuke kwamba mpaka kati ya shamba na pori ulichorwa pia na njaa ile. Wanaume wengi wa Kingoni, kwa kukosa njia nyingine ya kupata fedha ya kodi, walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna na kuomba msamaha. Familia bado inasubiri kichwa.

Leo Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania kwa mahindi, na maghala ya Hifadhi ya Taifa ya Chakula yako mjini hapa, si mbali na makaburi yale. Mkulima anayepanga foleni kuuza magunia yake ana maswali yake kuhusu bei, mbolea na malipo, na ana haki ya kuyauliza. Mwaka 1905 babu zake waliona kodi ikipangwa bila wao kuulizwa, kisha wakaona chakula chao kikichomwa. Ukienda makumbusho Februari ijayo, simama kidogo kwenye kaburi la Nduna, kisha uwakumbuke wale waliokufa kwa njaa, ambao hawana kaburi lenye jina.