Raiffeisen na Sanduku la Mama

Nyumbani kwetu ni Ufipa, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Kule mwenye jozi ya maksai analima mvua zikianza tu, na asiye nayo anangoja wenzake wamalize kwanza. Maksai wetu wawili hawakuibwa. Walichukuliwa na mkopeshaji, kwa deni ambalo mama alikuwa ameshalirudisha lote, ila riba ilikuwa inazaa kila wiki. Mtaani mikopo hiyo inaitwa kausha damu, na jina hilo halijatiwa chumvi.

Leo mama yuko kwenye VICOBA. Wana sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Wananunua hisa, wanakopeshana, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa mwenye msiba au mgonjwa. Ndiyo maana nilipokutana chuoni na jina la Friedrich Wilhelm Raiffeisen, nilimsoma kama ninayesoma habari za kwetu.

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, kando ya mto Sieg, magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake aliwahi kuwa meya, lakini aliugua na familia ikayumba, hivyo hapakuwa na pesa ya kumsomesha zaidi. Akiwa na miaka 17 akaingia jeshini. Macho yakaanza kumsumbua, akaacha jeshi, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch, eneo la wakulima maskini.

Majira ya baridi ya 1846 na 1847 njaa ikapiga. Serikali ilituma unga, ila kwa masharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Sasa mwenye njaa atoe wapi taslimu? Raiffeisen akaugawa kwa mkopo. Kisha akawashawishi wenye uwezo wachange, wakajenga tanuri, na watu wakapata mkate wa bei nafuu. Alisimamia pia ujenzi wa shule, na barabara ya kuwafikisha wakulima kwenye masoko ya mto Rhine. Sisi tuliokula vumbi la njia ya Tunduma kabla ya lami tunajua barabara ina maana gani kwa gunia la mahindi.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko akakutana na kausha damu wa Kijerumani. Mkulima alikopeshwa ng'ombe, akalipa na kulipa, na akikwama kidogo ng'ombe anaondoka na pesa aliyokwisha kulipa haionekani tena. Mwaka 1849 meya huyu aliwakusanya matajiri wapatao 60 wakawa wadhamini wa chama kilichonunua mifugo na kuwauzia maskini kwa malipo ya kidogo kidogo. Alipohamia Heddesdorf, mwaka 1854 akaanzisha chama kingine kilichoangalia hadi watoto waliotelekezwa na wafungwa waliotoka gerezani.

Hapa ndipo maisha yake yalinigusa zaidi, kwa sababu hapa ndipo aliposhindwa. Matajiri walichoka. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini wao hawakukopa na wala hawakuwa na shida, kwa hiyo hakuna kilichowafunga kwenye chama. Ilimchukua miaka kukubali hilo. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kilibadilishwa kuwa chama cha mikopo ambacho anayekopa lazima awe mwanachama. Masharti yalikuwa magumu: eneo liwe dogo ili watu wafahamiane, viongozi wasilipwe mshahara, akiba ya chama isigawanywe, na kila mwanachama adhamini madeni ya chama kwa mali yake yote. Jirani akikopa kwa uzembe, shamba lako nalo liko hatarini. Ukidhamini hivyo, utamtembelea jirani yako na kumuuliza mbegu amepanda au amekunywa.

Mke wake Emilie alifariki mwaka 1863. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kipofu, akastaafu mwaka 1865 kwa pensheni ndogo, akawa anauza mvinyo ili aishi. Kitabu chake cha mwaka 1866 kuhusu vyama vya mikopo aliandikiwa na binti yake Amalie, aliyekuwa macho na mkono wake kwa miaka mingi na hakuolewa. Tukimsifu baba, tumtaje na binti. Raiffeisen alifariki tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70.

Mfumo wake ulisafiri. India ilitunga sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904 kwa kufuata mfano wake, Waingereza wakaueneza kwenye makoloni, na Tanganyika ikapata sheria ya ushirika mwaka 1932. VICOBA imekuja kwa njia nyingine, kutoka vikundi vya akina mama wa Niger vya mwaka 1991, lakini kinachovifanya visimame ni kilekile: mkopeshaji na mkopaji wanajuana hadi mlangoni.

Nawaandikia haya kwa sababu bumu likichelewa, wengi wetu hapa chuoni tunakimbilia mikopo ya kwenye simu, riba hatuisomi. Watu kumi wa bweni moja wanaojuana wanaweza kuanza na sanduku. Ila wakubali kwanza kudhaminiana, siyo kuchangiana tu.

Mama kwa sasa ana dume mmoja, aliyemnunua kwa mkopo wa kikundi. Jirani yake, mdhamini wake, naye ana mmoja. Msimu huu waliwafunga nira pamoja, wakalima shamba la mama Jumatatu na la jirani Jumanne.