Marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee na Bustani Aliyowaachia Watu

Mtu wa pwani akihamia Nairobi leo kutafuta riziki, huenda akapanga nyumba Tassia, upande wa Embakasi, ambako maghorofa yamesongamana na mahali pa wazi ni haba. Siku ya mapumziko akipanda gari hadi katikati ya mji, atakuta kando ya Moi Avenue bustani yenye miti na viti, ambamo kila mtu hukaa bila ya kuulizwa kabila lake wala kipato chake. Jina la bustani hiyo, Jeevanjee, li katika vinywa vya watu wote, lakini wazijuao habari za mwenye jina ni wachache. Twapenda kuzieleza hapa, mema yake na kasoro zake, kwani katika yote mawili mna mazingatio.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamaa ya Mabohora. Elimu ya skuli hakuipata nyingi. Kisomo chake kilikuwa safari na biashara. Mwaka 1886 alikwenda Australia, akafanya biashara katika mji wa Adelaide. Mwaka 1890 alifika Mombasa, akaingia katika kazi za kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala nchi wakati huo. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuleta wafanya kazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Hapo ndipo mali yake ilipokua.

Wala haifai kuificha thamani iliyolipwa. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli hiyo, na katika hao walikufa 2,493. Si wote walioletwa na Jeevanjee, lakini utajiri wake ulitokana na njia ile ile iliyowazika maskini hao.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palikuwa kambi tu. Jeevanjee aliona kuwa patakuwa mji. Akanunua viwanja, akajenga majumba, mengine yakakodiwa na serikali yenyewe. Mwaka 1902 kulizuka tauni, na madiraja wakaamuru soko la Wahindi litiwe moto. Mwaka 1904 yeye akajenga soko jipya la mji. Huko Mombasa alikuwa amekwisha anzisha gazeti la kila juma, African Standard, mwaka 1902. Alipoliuza mwaka 1905 likabadilishwa jina, na ndilo asili ya gazeti la Standard la hivi leo.

Kisha mwaka 1906 akafanya jambo ambalo wafanya biashara wengi hawalifanyi. Ardhi ipatayo ekari 5, katikati ya mji ambao bei ya viwanja vyake ilikuwa ikipanda, hakuijengea maduka. Aliifanya bustani, akawapa watu wa Nairobi. Humo akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, kama ilivyokuwa ada ya matajiri wa zama hizo kujipendekeza kwa watawala.

Lakini kujipendekeza hakukumfunga mdomo. Mwaka 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa wa kwanza asiye Mzungu kuingia humo. Mwaka uliofuata alikwenda London kuwashitaki walowezi waliozihodhi nyanda za juu kwa Wazungu peke yao. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Hapa pia ana kasoro, nayo ni kubwa: alipodai haki huko London alipendekeza nchi hii iunganishwe na Bara Hindi, kana kwamba haina wenyewe. Aliiona dhuluma iliyompata yeye, asiione sawasawa ile iliyompata Mwafrika, ambaye ndiye aliyenyang'anywa ardhi.

Alifariki Nairobi mwaka 1936, naye ana umri wa miaka 80. Mali yake nyingi ilikuwa imekwisha kupotea. Bustani ilibaki, lakini haikubaki kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga juu yake jumba la kuegeshea magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuupinga, na wananchi wakamuunga mkono hata mpango ukashindwa. Sanamu ya Malkia iliangushwa na kuvunjwa mwaka 2015. Ardhi iliyotolewa kwa watu ingalipo.

Basi tuzingatie. Alichojengea kodi kilipita katika mikono ya wengine, na alichokisimamisha ili awaridhishe wakubwa kimevunjika. Kilichosalia ni kile alichokitoa, nacho kisingalisalia lau wapokeaji wangalinyamaza. Kutoa ni kazi ya mmoja, kulinda ni kazi ya wote. Na sisi wenye viwanja, Tassia au Mombasa, tunapopima msingi wa ghorofa nyingine hadi mpakani, tujiulize: mtoto wa mpangaji atacheza wapi?