Mwana wa Mfalme Aliyepanda Ruwenzori

Mtu akitoka Butembo kwenda Beni asubuhi, na mbingu ikiwa imetakata, ataona upande wa mashariki mlima mkubwa wenye weupe juu yake. Huo ndio Ruwenzori. Wanande, na ndugu zao Wakonzo wa Uganda, waliujua tangu zamani za mababu, na weupe ule waliuita nzururu. Ni theluji, maji yaliyoganda kwa baridi kali. Jambo hili ni la ajabu, kwa maana mstari wa ikweta unapita karibu na Butembo, na chini ya mlima watu hulima ndizi, muhogo na kahawa.

Aliyeongoza watu wa kwanza kuandikwa kuwa wamefika kileleni alikuwa Luigi, Duke wa Abruzzi. Kabla ya kuja Afrika alikuwa amekwisha kuijua baridi, na baridi ilikuwa imemkata vidole.

Luigi alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa Madrid. Baba yake alikuwa mfalme wa Uhispania, lakini siku chache baadaye aliacha ufalme, akarudi kwao Italia. Mama yake Luigi alifariki mtoto angali mdogo sana. Basi, akatiwa katika shule ya mabaharia, akalelewa kati ya kamba, matanga na amri za merikebu. Alipopata kuwa kijana alipenda mambo mawili: bahari na milima. Mwaka 1897 alivuka bahari, akapanda mlima Saint Elias huko Alaska, wenye urefu wa metri 5,489. Kabla yake hakuna aliyefika juu yake.

Baada ya hayo alitaka kwenda mahali pagumu zaidi. Kaskazini kabisa ya dunia iko Ncha, na Ncha hiyo imezungukwa na bahari iliyoganda. Huko jua hukaa miezi mingi pasipo kuonekana, na usiku haukomi. Hapana shamba, hapana mti, hapana kijiji. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyepata kufika Nchani.

Mwaka 1899 Luigi aliondoka Norwe na watu 19 katika merikebu iliyoitwa Stella Polare, maana yake Nyota ya Kaskazini. Walichukua mbwa zaidi ya 100 wa kuvuta sleji, ndiyo magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya barafu. Walifika kisiwa cha Rudolf, karibu na mwisho wa nchi kavu. Hata mwezi wa Septemba barafu ikaibana merikebu, ikavunja ubavu wake, na maji yakaingia. Watu wakatoa upesi vyakula na mbao, wakajenga hema kubwa ufukoni. Humo walikaa usiku ule mrefu.

Siku moja katika giza lile Luigi alipatwa na baridi mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa, na mganga akalazimika kukata ncha zake. Jeraha lilikuwa halijapona wakati wa safari ya Nchani ulipofika.

Luigi alikuwa mkubwa wao. Safari ilikuwa yake, na kwa miaka mingi alikuwa ameitamani. Lakini aliona kwamba mtu mwenye mkono mgonjwa atawachelewesha wenzake, na kuchelewa juu ya barafu ni kufa. Kwa hiyo alimpa rafiki yake Umberto Cagni uongozi, na yeye mwenyewe akabaki kambini kungoja.

Cagni aliondoka tarehe 11 Machi 1900. Tarehe 25 Aprili alifika digrii 86 na dakika 34, mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kufika kabla yake. Zilibaki kilometri 380 hivi kufika Nchani, lakini chakula kilikuwa kinakwisha, basi akageuka. Njiani walikula mbwa wao. Walirudi kambini baada ya siku 104, wamekonda sana.

Lakini watu watatu hawakurudi. Walikuwa Querini, Ollier na Støkken. Walikuwa wamesaidia kuvuta mizigo mwanzoni, kisha wakaagizwa kurudi kambini. Hawakufika. Walitafutwa, wala haikuonekana hata alama ya nyayo. Merikebu ilitengenezwa, wakarudi Norwe mwezi wa Septemba. Huko Luigi alipata habari nyingine ya msiba: Mfalme Umberto, ndugu ya baba yake, alikuwa ameuawa mwezi wa Julai.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1906 Luigi alifika Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka ziwa Victoria, akavuka ziwa mpaka Entebbe. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu, pamoja na mamia ya wapagazi. Wazungu kadhaa walikuwa wamejaribu mlima mbele yake. Mmoja wao, Stuhlmann, alipanda mwaka 1891 kutoka upande wa Kongo, lakini hakufika kileleni.

Luigi alipanda kutoka upande wa Uganda. Wakonzo ndio waliochukua mizigo katika matope, katika misitu yenye kuvu na juu ya mawe yenye utelezi, mpaka kambi ya Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa. Bila migongo yao hapangekuwa na kambi, na bila kambi hapangekuwa na ushindi.

Tarehe 18 Juni 1906, Luigi na waongozaji wake walipanda mlima Stanley. Ukungu ulikuwa mzito. Karibu na kilele walizuiwa na ukuta wa barafu. Mmoja akasimama imara, mwenzake akapanda juu ya mabega yake, akashika ukingo, kisha akawavuta wengine. Hivyo wakafika juu. Luigi alikiita kilele hicho Margherita, kwa jina la mjane wa Mfalme Umberto. Siku hizi urefu wake unahesabiwa kuwa metri 5,109. Katika wiki zile walipanda vilele vingi vingine, wakavipima, na wakachora ramani ya mlima.

Leo mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu ya mlima Stanley. Mwaka 1906 milima sita ya Ruwenzori ilikuwa na barafu; tangu hapo dunia imezidi kupata joto, na barafu imepungua sana.

Uzeeni Luigi alikaa Somalia, kando ya mto Shebelle, katika kijiji cha mashamba alichokianzisha. Alifariki huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa huko, kama alivyotaka mwenyewe.

Watu humkumbuka kwa vilele alivyofika. Lakini huenda siku yake iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile aliyobaki nyuma, mkono umefungwa kitambaa, akiwatazama wenzake wakiondoka kwenda mahali alipotamani kwenda yeye.