Mkono wa Askofu Mkuu Cranmer

Tarehe 21 Machi makanisa mengi ya Kianglikana humkumbuka Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyechomwa moto mjini Oxford mwaka 1556. Wapenzi wasomaji, wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya Kitabu cha Sala. Ungamo tunalolisema katika Sala ya Asubuhi, lile linalotufananisha na kondoo waliopotea, liliingia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Lakini leo twapenda kumtazama kwa upande mwingine, yaani upande wa mtu aliyetii, akatii, na kutii tena.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1489 katika kijiji cha Aslockton, Uingereza. Alisoma Cambridge, akawa mwalimu huko huko. Alipooa alipoteza nafasi yake chuoni. Mkewe alipofariki katika kujifungua, wakampokea tena. Alikuwa mtu wa vitabu, na angeweza kuzeekea pale bila jina lake kutufikia sisi.

Mwaka 1529 maradhi yaliingia Cambridge, Cranmer akakimbilia Waltham, na huko akakutana na watumishi wa Mfalme Henry wa Nane. Mfalme alitaka kuachana na Malkia Katherine, aliyemwoa mwaka 1509. Cranmer alishauri kwamba neno hilo waulizwe wataalamu wa vyuo vikuu. Ushauri huo ulimpendeza Mfalme mno, na tangu siku hiyo mwalimu wetu hakuwa tena mtu wake mwenyewe. Mwaka 1532 alitumwa Ujerumani, na katika mji wa Nuremberg akamwoa Margarete, ingawa yeye alikuwa kasisi na sheria ya Kanisa ilikataza. Kabla mwaka haujaisha akaitwa kurudi awe Askofu Mkuu. Hakufanya haraka kurudi, lakini alirudi. Aliwekwa wakfu tarehe 30 Machi 1533. Siku hiyo, kabla ya kuapa kumtii Papa, alitamka mbele ya mashahidi kwamba kiapo hicho hakitamfunga katika jambo lo lote lililo kinyume cha sheria ya Mungu au cha Mfalme wake. Mwezi Mei akaivunja ndoa ya Katherine, na tarehe 1 Juni akamtawaza Anne Boleyn kuwa Malkia.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Mei 1536, Anne naye alitiwa ndani, akishtakiwa uzinzi na uhaini. Cranmer alimwandikia Mfalme barua. Humo alisema kwamba hakuna mwanamke aliyemheshimu kuliko yeye, na kwamba anashindwa kuamini mashtaka. Kwa siku zile huo ulikuwa ushujaa. Lakini kabla hajaipeleka barua, mabwana wa baraza walimwita, wakamweleza mambo yao. Aliporudi aliongeza maneno machache chini ya barua ile ile, kwamba anasikitika kuona makosa hayo yaweza kuthibitishwa. Tarehe 17 Mei akatangaza kwamba ndoa ya Anne haikuwa ndoa, na tarehe 19 Anne akakatwa kichwa. Sisi twaona kwamba katika karatasi ile moja Cranmer mzima yumo: juu dhamiri yake, chini baraza la Mfalme.

Je, alikuwa mwoga tu? Tuliosomesha watoto kwa miaka mingi tunasita kusema hivyo. Tumeona darasa zima likinyosha mikono kwa jibu la makosa kwa sababu mtoto wa mbele, anayesifika kwa akili, amenyosha wa kwanza. Wala si wote wanaoogopa fimbo. Wengine wanaamini kweli kwamba wakubwa wanajua. Cranmer alikuwa wa namna hii. Aliamini kwa moyo wote kwamba Mungu amemweka Mfalme kuwa kichwa cha Kanisa katika nchi yake, na kwamba kumpinga ni kumpinga Mungu. Na kila hatua ilikuwa ndogo, ikifuata ile ya jana.

Gharama ya hatua hizo mara nyingi ililipwa na wengine. Mwaka 1538 alikaa pamoja na Mfalme kumhukumu John Lambert, aliyekana kwamba mwili wa Kristo umo katika mkate wa Meza ya Bwana. Cranmer alibishana naye, na Lambert akachomwa moto. Miaka kumi haikupita Cranmer mwenyewe akaishika imani iyo hiyo. Mwaka 1539 aliipinga bungeni sheria ya Vifungu Sita, lakini ilipopita alimrudisha mkewe Ujerumani, akanyamaza. Na mwaka 1549, wakati wa Mfalme kijana Edward wa Sita, Kitabu cha Sala kilipoletwa kwa lugha ya Kiingereza, watu wa Devon na Cornwall walikikataa. Walitaka ibada ya baba zao. Maelfu waliuawa na majeshi ya serikali, na jibu la Cranmer kwa wale wakulima lilikuwa kali: raia watii. Sisi tunaokipenda kitabu kile tusilipite jambo hili haraka.

Edward alifariki tarehe 6 Julai 1553, akamfuata dada yake Mary, binti Katherine, aliyeshika imani ya Roma. Cranmer alikamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, kisha akapelekwa Oxford pamoja na maaskofu Latimer na Ridley. Tarehe 16 Oktoba 1555 alipandishwa juu ya gereza la Bocardo awatazame rafiki zake hao wawili wakichomwa. Ridley alichelewa kufa.

Baada ya hapo wakamjia kwa upole. Walimtoa gerezani kwa muda, wakamweka katika nyumba ya mkuu wa chuo, akala vizuri, akazungumza na wataalamu wenye adabu. Alikuwa mzee, peke yake, bila hata mmoja wa kumwambia kwamba hajakosea. Tena walikuwa na swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewapa. Kama mtawala huwekwa na Mungu kuliongoza Kanisa, na mtawala sasa ni Mary, naye aamuru Papa atiiwe, Cranmer atakataa kwa sababu gani? Maandishi yake ya kwanza ya kujikana yalisimama hapo hapo: kwa kuwa watawala na Bunge wamemkubali Papa, naye akubali. Yaliyofuata yalizidi, mpaka akayakana yote aliyofundisha. Aliandika kwa mkono wake wa kulia.

Kwa desturi mtu aliyejikana hakuchomwa, ila Malkia hakumsamehe. Tarehe 21 Machi 1556, siku ya mvua, walimpeleka katika kanisa la Mtakatifu Maria akiri hadharani. Hotuba ilikuwa imekwisha andikwa, na wakuu walikuwa na nakala. Alianza kama ilivyopangwa. Akasali, akawaonya watu wamche Mungu na kuwatii watawala. Kisha akaiacha karatasi. Alisema kwamba maandishi yale aliyaandika kwa kuogopa kifo, kinyume cha moyo wake, na kwamba mkono ulioyaandika utaungua kwanza. Wakamkokota kutoka jukwaani. Wako wasemao kwamba hakuwa na cha kupoteza tena. Ni kweli angekufa kwa vyo vyote, lakini kwa kusoma karatasi ile angekufa akiwa na sifa ya wakubwa, na hakuisoma. Motoni aliunyosha mkono wa kulia ndani ya miali, akaushikilia humo watu wote wakiona.

Serikali ilichapisha hata hivyo maandishi yake ya kujikana, pamoja na hotuba iliyopangwa, kana kwamba ndiyo aliyoisema. Lakini kanisa lile lilikuwa limejaa watu siku hiyo. Mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth, ambaye Cranmer alikuwa baba yake wa ubatizo, Kitabu cha Sala kilirudishwa. Mjane wake Margarete aliolewa baadaye na Edward Whitchurch, mpiga chapa aliyekuwa amekichapisha kitabu hicho hapo kwanza.