Sir David Bruce: Tabibu wa Jeshi Aliyefuata Maradhi Hadi Kwenye Chanzo

Maziwa yanayoshuka kila asubuhi kutoka miteremko ya Mlima Meru huingia katika chai ya nyumba zetu. Hekaluni huwa sehemu ya panchamrut, ule mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari unaogawiwa waumini. Kwa kuwa maziwa ni riziki yetu sote, waumini na majirani, inafaa tumkumbuke tabibu aliyefungua njia ya kuyatambua maradhi yanayoweza kujificha ndani yake.

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akalelewa Stirling, Uskoti. Alipotimiza miaka 14 aliacha shule, akafanya kazi ghalani mjini Manchester. Baadaye alirejea masomoni, na mwaka 1881 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele na kuingia jeshini. Mwaka uliofuata akapelekwa kisiwani Malta.

Huko askari waliugua homa ndefu, iliyopoa kisha ikarudi. Mwaka 1887 Bruce alikipata kijidudu chake katika bandama za marehemu. Lakini kiliwafikiaje watu? Jibu lilichelewa hadi 1905. Chini ya tume aliyoiongoza Bruce, Daktari Temi Zammit, mwenyeji wa Malta, alibaini kuwa mbuzi walioonekana wazima kabisa walikibeba. Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka 1906, homa ilipungua upesi. Ndiyo tunayoiita leo brusela, kwa jina la Bruce.

Afrika nayo ilimjua. Mwaka 1894 alipelekwa Zululand, ambako ng'ombe waliteketea kwa nagana. Alithibitisha kuwa mbung'o ndiye anayeeneza viini vyake, na kwamba wanyamapori huvibeba bila kudhurika. Wafugaji wa nyika zetu, ambako mifugo na wanyamapori hulisha pamoja, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1903 aliwasili Entebbe, Uganda, wakati malale ikiangamiza watu wa mwambao wa Ziwa Victoria. Daktari Aldo Castellani alikuwa amekwisha kukiona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce alitambua maana yake, akamgeukia mbung'o. Kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, nzi walikusanywa kutoka sehemu nyingi. Ramani ikaonyesha kuwa penye malale ndipo penye mbung'o.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mkuu wa Chuo cha Udaktari wa Jeshi mjini London, akaongoza kamati zilizoshughulikia pepopunda na homa ya mahandaki.

Katika safari hizo Mary alikuwa mkono wake wa kuume. Alifanya kazi ya hadubini, akachora viini, na mji wa Ladysmith ulipozingirwa mwaka 1899 aliwauguza majeruhi. Alifariki Novemba 1931. Siku nne baadaye, wakati wa ibada ya maziko yake, Bruce naye akakata roho, akiwa ameomba kwamba atakayesimulia kazi yake asimsahau mkewe.

Ng'ombe na mbuzi wanaonawiri huweza kubeba brusela hata leo. Kwa heshima, basi, nawaomba ndugu zangu: maziwa yachemshwe na kupozwa kabla ya kunywewa, yakiwemo ya panchamrut. Baraka haipungui kwa kupita motoni.