Maisha ya Marehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo

Ndugu Waislamu, ng'ombe akichinjwa Busia au Tororo, aghalabu mchinjaji huwa Mwislamu, na nyama ile ile hununuliwa na watu wa dini zote pasipo ugomvi. Desturi hii tumeikuta, nasi twaiona kuwa jambo dogo. Walakini wako watu waliouawa kwa ajili ya kisu hicho. Alikuwako pia mtu mmoja aliyeishi katika mambo hayo tangu ujanani hata uzeeni, akafa akiwa mkuu wa Waislamu wa Uganda. Huyo ni marehemu Mwanamfalme Nuhu Mbogo. Yeye alikuwa Mganda, wala si mtu wa huku kwetu; sababu ya kumweka katika kijitabu hiki itaonekana mbele.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Zama za baba yake, mwaka wa 1844, ndipo mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alipofika barazani pa Suna. Alipoona jinsi watu walivyouawa ovyo, alimkanya Kabaka mbele ya wakuu wake, akamweleza kwamba watu wale ni viumbe vya Mungu. Mahali pengi pa bara dini iliingia pamoja na nguo na shanga. Buganda iliingia pia kwa neno la kumtetea mnyonge.

Mutesa aliipenda dini kuliko baba yake. Kuanzia mwaka wa 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama 10, akaamuru watu wake wafunge na kusali. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kutahiriwa, kwa kuwa desturi ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagwe. Hapo ndipo mashaka yalipotokea. Mwaka wa 1876 walifika Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudani, wakawafundisha vijana wa jumba la Kabaka kwamba asiyetahiriwa haifai awasalishe watu, tena kwamba msikiti wa Kabaka haukuelekea kibla sawasawa. Vijana wakakataa kusali nyuma ya Mutesa, wakakataa na nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake wasiotahiriwa. Hawakushika silaha, wala hawakutaka kiti cha mtu. Kabaka aliona kwamba amri yake imedharauliwa, na watu wapatao 70 wakachomwa moto Namugongo. Miaka 10 baadaye, zama za Mwanga, Wakristo nao walichomwa pale pale. Wengi wanayajua ya hao wa pili, na ni haki wajulikane. Ya hao wa kwanza hata Waislamu wenyewe huyasahau.

Mutesa alifariki mwaka wa 1884. Mwaka wa 1888 vijana wa dini zote, Waislamu na Wakristo pamoja, walimwondoa Mwanga katika ufalme. Haukupita muda mrefu wakagombana wao kwa wao. Waislamu walishinda, wakamtawaza Kalema, aliyekubali kutahiriwa. Kalema aliwaua ndugu zake wengi wa ukoo wa kifalme, wake kwa waume. Hilo ni doa ambalo haifai tulifiche kwa kuwa aliyelitenda alikuwa Mwislamu. Mbogo alisalimika. Wakristo walipopata nguvu tena, Waislamu walishindwa, wakakimbilia mpaka wa Bunyoro. Kalema akafa huko kwa ndui, nao wakamchagua Mbogo awe mkuu wao.

Basi alirithi nini? Watu wenye njaa, wenye silaha, na wasio na nchi. Mwaka wa 1892 Kapteni Lugard alimwita Kampala kwa amani, naye akaja pamoja na watu wake. Wakapewa wilaya 3 ndogo, yaani Busujju, Gomba na Butambala. Hazikuwatosha, wakalalamika. Mwaka wa 1893 Selim Bey, ofisa wa askari wa Kisudani, aliuonya utawala usiwashambulie Waislamu wa Buganda. Onyo hilo lilihesabiwa kuwa uasi. Selim alikamatwa, akafa njiani Naivasha alipokuwa akipelekwa pwani. Waislamu walipigwa, wakanyang'anywa wilaya 2 katika zile 3, na Mbogo akahamishwa nchini mwake hata akafika Unguja. Njia ya misafara ya siku hizo kutoka Buganda kwenda Mombasa ilipita Busoga na kwa Nabongo Mumia, jirani zetu wa pande zote mbili.

Aliporudi, alijaribiwa tena. Mwaka wa 1897 askari wa Kisudani waliasi Busoga, kwenye ngome ya Luba, wakamtaka awaunge mkono. Walikuwa Waislamu wenzake, wenye bunduki, na yeye alikuwa mtoto wa Kabaka. Akakataa.

Katika Mkataba wa Buganda wa mwezi wa Machi, 1900, jina lake limo miongoni mwa waliotia sahihi. Alipewa yeye na wafuasi wake maili za mraba 24, na malipo ya pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti kwamba aache madai yoyote ya ufalme. Jumuiya 3 za wamisionari ziligawiwa maili 92. Kati ya wilaya 20 za Buganda Waislamu walibakiwa na moja tu, Butambala. Wako wanaosema kwamba Mbogo aliiuza haki ya watu wake kwa pauni 250. Mimi sioni hivyo. Mgao ule haukuwa wa usawa, na ni haki kuusema. Walakini miaka 24 tu ilikuwa imepita tangu Namugongo, na Waislamu wa Buganda walitajwa katika hati ya sheria kuwa watu wenye mkuu wao na fungu lao. Ufalme angeutafuta kwa damu, na damu yenyewe isingekuwa yake.

Sasa yafuata yanayotuhusu sisi. Waislamu waliokosa ardhi na vyeo Buganda walitoka kutafuta riziki mashariki. Semei Kakungulu alipoingia nchi hizi, ambazo Waganda waliziita Bukedi, kuanzia mwaka wa 1899, Waislamu walikuwamo katika watu wake. Wengine walikuja baadaye kuwa wafanyabiashara, wachinjaji na walimu wa Kurani. Ndivyo dini ilivyotufikia kutoka magharibi, na kutoka mashariki ilitufikia kwa Waswahili wa Mumias. Hapana budi tuseme na upande wa pili: mawakala wa Kiganda waliwatawala wenyeji kwa ukali, na waliokuja wakinung'unika kwamba wamedhulumiwa kwao, baadhi yao walidhulumu hapa.

Tarehe 1 Aprili, 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilitiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Mwaka wa 1906, Mbogo akiwa hai, Uganda ilipata sheria ya ndoa na talaka za Waislamu. Kwa sheria hiyo ndoa iliyofungwa kwa desturi ya Kiislamu ilikuwa halali serikalini, nayo iliandikishwa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya iliweka sheria yake ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu mwaka wa 1920. Hivyo binti wa Tororo akiolewa Busia ya Kenya, nikaha ilikuwa moja, sheria zikawa mbili.

Mbogo alifariki mwaka wa 1921. Baada yake Waislamu wa Uganda waligawanyika juu ya swali la kusali Adhuhuri baada ya Ijumaa au kutosali, na ugomvi huo uliwapotezea miaka mingi. Mahali pake alishika mwanawe, Mwanamfalme Badru Kakungulu, ambaye wakati ule alikuwa bado mtoto. Badru asichanganywe na Semei, maana hawakuwa wa ukoo mmoja. Alipokuwa mtu mzima alitoa ardhi yake ya kilima cha Kibuli, pakajengwa msikiti na shule, ili mtoto wa Kiislamu apate elimu bila kuibadili dini yake.