Kipa wa Barafu

Mimi ni kipa, lakini kipa ninayemhusudu zaidi hakucheza kandanda bali hoki ya barafu. Pelle Lindbergh alizaliwa Stockholm, Uswidi, mwaka wa 1959. Katika Olimpiki ya 1980 timu yao ilipata shaba. Baadaye akadakia Philadelphia Flyers kule Marekani, na mwaka wa 1985 akawa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Vezina, tuzo ya kipa bora wa ligi ya NHL. Ana miaka 26 tu, jamani!

Novemba mwaka uo huo, akiwa amelewa, aliendesha Porsche yake kwa kasi akagonga ukuta. Abiria wake wawili waliumia vibaya, yeye akafa. Mimi bado namhusudu, lakini langoni tu. Wenzangu, chupa na usukani haviivi chungu kimoja.